Kazi Imehama Mkononi

Filamu ya katuni huenda kwa picha 24 kila sekunde. Kwa hesabu hiyo tangazo la sekunde 30 lina picha 720, na hata wachoraji walipobuni ujanja wa kuupiga picha kila mchoro mara mbili ili kujipunguzia mzigo, bado walibaki na michoro 360 ya kuchora, mmoja ukipishana na mwenzake kwa upana wa unywele. Mmarekani Winsor McCay alipomtoa Gertie, dinosaria wake, mwaka 1914, yeye na msaidizi wake walikuwa wamechora maelfu ya karatasi. Hawakuwa na njia ya kumtenga mnyama na mandhari, kwa hiyo mawe na miti ya nyuma ilichorwa upya kwenye kila karatasi. Hesabu hiyo ndiyo iliyoifanya katuni iwe mali ya wenye mitaji kwa karibu miaka mia. Muuza vitenge wa Mwanza, mwenye saluni wa Nakuru, kikundi cha kuweka na kukopa cha Bukavu, wote waliijua nguvu ya katuni kwa sababu watoto wao waliitazama nyumbani, lakini hakuna aliyedhani kwamba siku moja atakuwa na yake ya kutangazia biashara. Sasa anaweza kuwa nayo. Anaandika sentensi mbili kwenye simu, anasubiri kidogo, na anapata kipande cha sekunde 8 chenye mtu anayetembea, nguo inayopepea na hata sauti ya ndege. Ni jambo kubwa, na sitaki kulipunguza. Ninachosema, baada ya miaka michache ya kuishi na vyombo hivi na kutazama kinachotoka humo, ni kwamba kazi ya kutengeneza video haikuondoka. Imehama. Imetoka mkononi mwa mchoraji, imehamia kwenye jicho la anayechagua, sikio la anayesikiliza na kalamu ya anayeandika maneno. Wengi wanaoshindwa leo wanashindwa kwa sababu bado wanaitafuta pale ilipokuwa zamani.

Inafaa kukumbuka mambo yalivyokuja, maana yalikuja kwa kasi na miaka inachanganyika kichwani. Mwaka 2022 ulituletea Midjourney, DALL-E 2 na Stable Diffusion, na mtu wa kawaida akaanza kuandika maneno na kupata picha. Kiswahili chenyewe kilikuwa hakijatulia juu ya jina la jambo hili: wengine akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba, na majina hayo matatu bado yanaishi pamoja bila kugombana. Mwaka 2023 Runway na Pika zikaanza kuzitembeza picha hizo kwa sekunde chache, nyuso zikiyeyuka kama nta. Februari 2024 OpenAI ikaionyesha Sora. Juni ya mwaka huohuo zikafuata Kling ya Kuaishou kutoka China na Dream Machine ya Luma, na Mei 2025 Google ikatoa Veo 3, inayotoa picha na sauti yake kwa pamoja. Kila wimbi lilikuja na ahadi ileile kwamba sasa yeyote atatengeneza tangazo. Na kila mara walioichukua ahadi hiyo kama ilivyo walirudi na video moja, ingawa walikuwa watu tofauti na biashara tofauti: msichana anatabasamu, jua linazama, kamera inasogea taratibu, muziki unapanda, kisha jina la kampuni. Ukimwuliza mtazamaji nini kilikuwa kinauzwa, hajui. Uzuri ulikuwepo wote, ila hapakuwa na mtu aliyeamua jambo lolote.

Ushahidi ulio wazi zaidi hautoki kwa wanaoanza, unatoka kwa wenye fedha na ujuzi. Mwaka 2024, kabla Sora haijafunguliwa kwa umma, kikundi cha watengeneza filamu cha Toronto kiitwacho shy kids kilipewa nafasi ya kuitumia, kikatengeneza filamu fupi, Air Head, ya mtu ambaye badala ya kichwa ana puto la njano. Baadaye walieleza kwamba walizalisha karibu mara 300 ya kile kilichobaki kwenye filamu. Mashine ilikuwa ikibadilisha rangi ya puto au kulichorea uso bila kuombwa, na ilibidi kasoro hizo zisafishwe kwa njia za kawaida za uhariri. Juni 2025, wakati wa fainali za NBA, kampuni ya Marekani ya Kalshi ilirusha tangazo la sekunde 30 lililotengenezwa na mtu mmoja, PJ Accetturo, kwa Veo 3. Vyombo vya habari viliishika namba moja tu, gharama ya dola 2,000 hivi, na kwa kweli ni ndogo kupita kiasi kwa tangazo la fainali. Lakini mwenyewe alitoa namba nyingine ambayo kwangu ndiyo yenye somo: alizalisha vipande 300 hadi 400 ili apate 15 vinavyofaa. Kwa kila kimoja alichokubali alikataa karibu ishirini au zaidi. Tena Coca-Cola. Novemba 2024 ilirudia kwa akili mnemba tangazo lake la Krismasi la mwaka 1995, na watazamaji wakaona malori yakiteleza barabarani huku magurudumu hayazunguki sawasawa. Mwaka uliofuata ikaja na tangazo jipya lililojaa wanyama. Kwa maelezo yaliyochapishwa na gazeti la Wall Street Journal, wataalamu watano walizalisha na kurekebisha vipande zaidi ya 70,000, na waliohusika na kazi nzima walikuwa watu wapatao 100, karibu sawa na matangazo yao ya zamani. Kilichopungua ni muda, kutoka karibu mwaka hadi karibu mwezi. Watu hawakupungua.

Namba hizi zinasema jambo moja. Zamani picha ilikuwa adimu, na kila iliyokuwepo ilikuwa imeshafikiriwa kabla haijachorwa kwa sababu kuichora kulikuwa ghali. Sasa picha ni nyingi kama mchanga wa ufukweni na hakuna hata moja iliyofikiriwa, mpaka mtu aitazame na kusema hii ndiyo, hii siyo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kazi hii mchaguzi ndiye mkulima.

Sababu ya haya iko katika namna mashine zinavyofanya kazi, na mwenye kutaka kuzitumia afadhali aielewe. Nyingi zimefundishwa kwa kuharibu na kutengeneza. Picha inafunikwa polepole na chenga, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi, na mashine inajifunza kuzifuta hatua kwa hatua hadi picha irudi. Ikishajifunza hivyo kwa picha nyingi mno, inaweza kuanza na chenga tupu na kuzifuta kuelekea kitu ambacho maneno yako yameelezea. Ndiyo maana ukirudia maneno yaleyale unapata picha nyingine: chenga za mwanzo ni nyingine. Mashine haimkumbuki mama uliyemchora jana. Ukimwomba tena mama muuza maandazi mwenye gauni la bluu, atakuja mama mwingine, na bluu nyingine, na maandazi yenye umbo jingine. Katika sekunde 30 mtazamaji atakutana na mama watano, na ingawa huenda asiweze kueleza kilichomsumbua, imani yake itakuwa imeshaondoka. Vyombo vya sasa vinapokea picha ya mfano na kujaribu kuifuata, na hilo limesaidia sana. Lakini picha hiyo ya mfano lazima itoke kwa mtu aliyekaa akaamua mama ni nani: umri wake, mwili wake, amefunga nini kichwani, anaonekanaje kwa mbele na kwa ubavu. Mashine pia haijui kwamba gurudumu huzunguka kwa kuwa lori linakwenda. Inajua tu namna vitu hivyo viwili huonekana pamoja kwenye picha ilizoziona. Kwa hiyo kosa lake si la mtu aliyechoka, ambalo huja mahali penye ugumu. Huja popote, hata kwenye jambo ambalo mtoto wa chekechea asingelikosea, na jicho linapaswa kuwa macho kila mahali.

Hapo ndipo utaratibu wa kazi unapokuwa jambo la msingi, na hapo ndipo wengi huanguka. Studio za katuni zilikuwa na mpangilio uliozaliwa na ughali wa kuchora. Kwa Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wasanii walianza kubandika michoro midogo ukutani, tukio baada ya tukio, ili hadithi nzima ionekane kabla ya kuanza kuchora kwa kweli. Ikawa kawaida pia kurekodi sauti za wahusika kwanza na kuchora midomo baadaye. Kosa lilikamatwa lingali karatasi moja ya penseli. Leo, kwa kuwa picha inapatikana bure au kwa bei ndogo, watu wanaanza na picha. Wanazalisha vipande vizuri kumi, kisha wanatafuta hadithi ya kuviunganisha, kisha wanatafuta maneno ya kuweka juu yake. Ni sawa na kununua madirisha kabla ya kujua nyumba ina vyumba vingapi. Na ule urahisi wenyewe una gharama iliyojificha: salio la chombo linakatwa kwa kila jaribio hata likiharibika, bando linakwisha kwa kupakua vipande vya kutupwa, na siku tatu zinapita. Mpangilio wa zamani bado ndio sahihi, na sasa unahitajika zaidi kuliko zamani. Kwanza jambo moja la kusemwa, moja tu. Kisha maneno yake. Kisha sauti, isomwe na kupimwa kwa saa. Kisha michoro ya hovyo ya penseli, hata ya vijiti, inayoonyesha nini kitaonekana wakati neno gani linasikika. Kisha picha zilizosimama, zichaguliwe mpaka mhusika awe mmoja. Ndipo mwendo, na mwisho uhariri. Anayefuata njia hii anazalisha vipande vichache zaidi, kwa sababu anajua anachokitafuta na akikiona anaacha.

Kwenye maneno nataka kukaa zaidi, maana ndiko Kiswahili kinakotudai akili yetu wenyewe. Mwongozo wa matangazo ya Kiingereza huweka maneno 75 hivi kwa sekunde 30. Mtu akichukua maneno hayo na kuyatafsiri, msomaji atakimbia kama anafukuzwa, kwa sababu neno la Kiswahili ni refu na limebeba mengi: tutakuletea ni neno moja, lakini ndani yake kuna mtendaji, wakati, mpokeaji na kitendo. Kipimo ninachokiamini ni maneno 50 hadi 60, na yakiwa 45 hakuna aliyeibiwa. Uchache huo unatulazimisha kufanya alichokuwa akikifanya mpiga debe wa kituo cha daladala tangu zamani: anajua abiria anataka kufika wapi na anataja mahali pale, hamwelezi historia ya gari. Ukiiomba mashine ikuandikie maneno ya tangazo kwa Kiswahili itakupa sentensi zilizonyooka kisarufi zisizosemwa na mtu yeyote sokoni, zimejaa suluhisho, ubora wa hali ya juu na safari yako ya mafanikio. Hayo ni mavazi ya Kiingereza yaliyokatwa upya, na msikilizaji hulijua vazi la kuazima kabla hujafika naye karibu.

Kuna makosa mengine madogo yanayoweza kuua tangazo zima. Duka likifunguliwa asubuhi, chombo cha kutafsiri kinaweza kuichukua saa ya Kiingereza kama ilivyo na kuandika saa 8 asubuhi, wakati kwetu saa 8 ni ya mchana au ya usiku wa manane, na saa 8 asubuhi haipo duniani. Mteja aliyesikia hivyo hatakuja saa 2, na hatakuja saa 8. Sauti ya mashine nayo ina mitego yake. Neno barabara likitiwa mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Mkazo ukirudi kwenye silabi ya pili ni sawasawa kabisa, na fundi anayejitangaza kuwa anafanya kazi barabara hataki kusikika kama mtengeneza lami. Bei iliyoandikwa 15,000/= inayeyushwa kwa namna za ajabu, kwa hiyo kwenye maneno ya kusomwa iandikwe shilingi elfu kumi na tano, kwa herufi. Ng'ombe apoteze king'ong'o chake, na mkulima wa Njombe au Nyandarua atajua papo hapo kwamba anayezungumza naye hajawahi kusimama zizini. Na bado sijagusa suala la Kiswahili cha wapi: mama wa Goma, kijana wa Nairobi na mzee wa Pemba hawanunui kwa maneno mamoja, ingawa wote wataelewana. Hakuna kitufe cha kuamua hayo. Huamuliwa na mtu anayewajua wanunuzi wake.

Picha zina mkasa unaofanana na huo. Mashine imelishwa kilichojaa kwenye intaneti, na Afrika iliyojaa humo ni nyika, mgunga mmoja, machweo na nguo za rangi kali zisizo za mahali popote. Omba soko la Kiafrika na utapata soko lisilo na mji. Kariakoo ina maghorofa, mikokoteni, bajaji na mabango ya simu. Kongowea ina vumbi lake na sauti zake. Vitu hivyo havitokei mpaka vitajwe, na mtajaji lazima awe amevitazama. Kazi nzuri za katuni zilizotoka kwetu zilianzia hapo. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichukua sura yake kutoka kwa wachoraji wa mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyekuwa akipaka rangi ya baiskeli kwenye vibao vya hardboard hadi kifo chake mwaka 1972. Ubongo Kids, iliyoanza Tanzania mwaka 2014, ilifundisha hesabu kwa Kiswahili na nyimbo. Mtoto aliyezitazama alitambua mahali. Utambuzi huo ndio mtaji mkubwa wa tangazo, na ndio mashine ikiachwa peke yake hulainisha mpaka unapotea.

Nitaambiwa kwamba haya yote ni matatizo ya muda. Vidole sita vya mwaka 2022 vimepungua, nyuso zilizoyeyuka 2023 zimetulia, herufi zilizokuwa mikwaruzo mitupu sasa mara nyingi zinasomeka. Subiri kidogo na mashine itajua hata saa za Waswahili. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Makosa ya gurudumu na kidole yatazidi kupungua, na anayejenga hoja yake juu ya vidole sita atabaki bila hoja. Lakini tazama kilichotokea kati ya Air Head na tangazo la Coca-Cola la 2025. Vyombo viliboreka sana, na idadi ya vipande vilivyozalishwa haikushuka, ilipaa. Chombo kinapokuwa bora, mtumiaji wake huhitaji zaidi na hukataa zaidi, kama fundi aliyepata msumeno mkali anavyoanza kukata viungo ambavyo zamani hakuthubutu. Na swali lenyewe la tangazo halina jibu ndani ya picha. Tuseme nini, tumwambie nani, tunyamaze wapi: mashine kamilifu kuliko zote bado italazimika kuulizwa na mtu mwenye jibu, la sivyo itatoa wastani wa matangazo yote iliyowahi kuyaona, na wastani ndio hasa mfanyabiashara anaotaka kuukwepa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu, kwa sababu linatoka kwa watu ninaowajali. Mwenye genge hana muda wa utaratibu huu wote. Hana mwandishi, hana mhariri, ana simu na jioni moja. Je, video ya wastani si bora kuliko kutokuwa na kitu? Mara nyingine ni bora, na sitamcheka aliyeiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Ila huyo ndiye mwenye mali ambayo kampuni kubwa huilipia watafiti: anamjua mteja wake kwa jina, anajua swali ambalo kila mtu huuliza kabla ya kununua, anajua neno ambalo likisemwa watu hucheka na kutoa pesa. Kazi iliyobaki baada ya mashine ni ile anayoiweza. Kama kazi ingekuwa bado mkononi, angeshindwa tangu mwanzo. Kwa kuwa imehamia kwenye maneno na jicho, aandike sentensi tano kama anavyozisema dukani, azisome mwenyewe kwa sauti yake, na aiachie mashine michoro minne au mitano tu. Na akiona kwamba video ya simu ya mikono yake ikikunja chapati inasema zaidi kuliko katuni yoyote, aichukue hiyo. Katuni inafaa kwa kile kisichoonekana kwa macho, kama jinsi bima inavyolipa, akiba ya kikundi inavyokua au maji machafu yanavyoleta ugonjwa. Chapati inaonekana.

La tatu ni la wachoraji, na hapa sina jibu linalomaliza maumivu. Wapo vijana Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waliotumia miaka kujifunza kuchora mwendo, na matangazo mafupi ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha. Bei imeporomoka chini yao. Mashine yenyewe imefunzwa kwa kazi za wachoraji wengi ambao hawakuulizwa. Juni 2025 Disney na Universal ziliishtaki Midjourney kwa jambo hilo, lakini mchoraji wa Sinza au Umoja hana mawakili wa Disney. Mikono yetu pia imo kwenye msingi wa teknolojia hii: Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili programu za akili mnemba zisiyatoe. Mtu anayetumia vyombo hivi bila kujua hayo anajidanganya kuhusu unafuu wake. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba jicho linalohitajika sasa ni hasa lile la mchoraji. Yeye ndiye anayeona mguu unaotua kabla ya uzito wake, kivuli kilichokaa upande usio wake, mhusika aliyebadilika shingo. Mwenye biashara anayemfukuza ili aokoe fedha, kisha akalipia majaribio mia tatu asiyojua kuyakataa, hajaokoa kitu. Amlipe kwa kuchagua na kusahihisha, na amwombe amchoree kwa mkono mhusika mkuu. Kuna sababu ya kisheria pia: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba kilichozalishwa na mashine pekee, kwa maelekezo ya maneno tu, hakina hakimiliki huko. Kwa upande wa hakimiliki, nembo au mhusika wa namna hiyo anaweza kuchukuliwa huko na mshindani kesho. Na sauti ya mtu halisi isiigwe bila ridhaa yake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hata kabla ya sheria, sauti ya mtu ni ya mtu.

Nimeacha kitu kimoja hadi hapa, nacho ni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo maneno yaliyoandikwa chini. Kwa muda mrefu mashine iliweza kuchora pindo na mji vizuri, lakini mahali pa jina iliweka vitu vinavyofanana na herufi. Siku hizi unaweza kuiandikia jina na ikalinakili, na kama imekosea mhariri analiweka juu ya picha mwenyewe, herufi kwa herufi. Kuandika kumekuwa rahisi. Kilichobaki ni kuchagua jina gani. Kuna majina ya dua, ya mapenzi, ya shukrani kwa mama, na yapo ya kufumba, yaliyonunuliwa ili jirani ayasome mgongoni mtu akipita. Weka hilo la mwisho mgongoni mwa mama anayetangaza mkopo wa kikundi, na wanawake wa Tanga watakuwa wamelisoma, wameulizana anamsema nani, kabla msimulizi hajafika kwenye riba.